Kurusha ndege za wengine si usaliti, lakini kontra isomwe mpaka mwisho

Ndugu zetu wa Masisi na Walikale, na ninyi wote vita ilitawanya Goma, Bukavu, Kinshasa, Kampala na Nairobi,

Wiki hizi kuna mjadala mkali ndani ya magrupu yetu. Mmoja wetu, mtoto wa Walikale aliyesomea upiloti nje ya inchi, ameitwa kwenye mahojiano ya kazi na kampuni moja ya ndege ya Ghuba. Wakimkubali, watampa kontra ya miaka mitatu. Alituandikia kuomba ushauri. Badala ya ushauri, wengine walimjibu: "Benye kusoma bote banaenda, sisi tunabakia paka na vita." Mwingine akaandika neno moja tu: msaliti.

Neno hilo hatulikubali. Pia hatukubali wale waliomjibu, "Enda haraka, saini yote, hapa hakuna kitu." Majibu yote mawili ni ya watu waliochoka, na tunaelewa uchovu huo. Lakini kijana anayeingia kwenye mahojiano anahitaji kitu kingine. Msimamo wetu ni huu: kwenda ni haki yake, kujitayarisha ni kazi yake, kusoma kontra ni usalama wake, na sababu iliyomfanya akose nafasi hapa nyumbani ni deni la serkali, si lake.

Nani anarusha ndege juu ya vichwa vyetu?

Waliokuwa watoto Walikale miaka ya 2000 wanakumbuka Kilambo. Hapo ndege zilitua juu ya kipande cha barabara ya lami. Watu na pikipiki walisimamishwa pembeni, ndege ikashuka, ikapakia magunia ya kasiterite iliyotoka Bisie, ikarudi Goma. Magunia yale ya kilo 50 yalikuwa yamebebwa kwa mgongo kupita pori mpaka Njingala. Ndege nyingi zilikuwa za zamani, za enzi ya Kisovieti, na mara nyingi waliozirusha walikuwa wageni waliokuja kwa kontra. Kijana wa kwetu alifika na gunia mpaka mlango wa nyuma. Mlango wa mbele, ule wa piloti, haukuwa wake.

Njo maana tunashangaa kusikia kwamba kazi ya kontra ni jambo la aibu. Inchi yetu imejaa watu wa kontra. Mwisho wa Januari 2025, vita ilipoingia Goma, karibu Waromania 300 waliokuwa upande wa serkali walisalimisha silaha, wakavuka mpaka kwenda Rwanda na kurudi kwao. Kontra zao zilizoonwa na waandishi wa habari zilitaja dola 5,000 kwa mwezi, na zaidi kwa wakubwa wao. Askari wetu aliyekuwa nao upande wa Sake alipata karibu dola 100. Feza ya kulipa wageni wa kontra ilipatikana. Lakini kijana wa Masisi anayetaka kusoma kazi ya anga anaambiwa kila mwaka kwamba bajeti haiko.

Kwa hiyo mtu akisema "abaki hapa afanye kazi yake", tunamuuliza: abaki wapi? Uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa Januari 2025, na miezi ikapita bila abiria hata mmoja kupanda pale. Ule wa Kavumu, karibu na Bukavu, uliingia mikononi mwa waasi mwezi uliofuata. Makampuni ya ndege ya Kongo yako kwenye orodha ya yale yasiyoruhusiwa kuruka Ulaya, tangu orodha hiyo ilipoanza mwaka 2006. Piloti mpya hutoka shuleni na saa 200 hivi za kuruka. Makampuni mengi yanataka mwenye saa nyingi zaidi, na saa hizo hupati bila kampuni ya kukuajiri. Anayezunguka ndani ya duara hilo miaka miwili, leseni mfukoni na wazazi waliouza ng'ombe za Masisi kumlipia masomo, hawezi kuitwa msaliti akipata mlango.

Jirani zetu pia wanajua habari hii. Kenya ina kampuni kubwa ya taifa na viwanja vinavyofanya kazi, na bado imepoteza mapiloti wengi walioenda kurushia makampuni ya Ghuba. Wakenya hawa hawakukimbia mabomu. Walilinganisha mshahara, ratiba na heshima kazini, wakachagua. Mfanyakazi yeyote ana haki ya kulinganisha hivyo.

Mahojiano: mambo ambayo hayaandikwi kwenye tangazo

Tuliuliza wakubwa wetu waliokwisha pita njia hii. Tunayaweka hapa kwa wote, juu ya mwenzetu huyu hatakuwa wa mwisho, na tunajua kuna mabinti kati yenu wanaosoma wakidhani jambo hili si lao. Ni lenu pia.

Kwanza ni Kingereza. Shirika la kimataifa la usafiri wa anga, OACI, limeweka ngazi sita za lugha. Piloti wa safari za kimataifa lazima afike angalau ngazi ya nne, na mwenye ngazi ya nne hupimwa tena kila miaka mitatu. Sisi tumesoma kwa Kifaransa, na wengi tunaelewa Kingereza cha kwenye vitabu lakini mdomo unakwama. Hakuna anayekudai uongee kama mtu wa London. Wanataka ueleweke, hata unapokuwa na haraka na woga. Ongea kwa sauti kila siku, nusu saa, na mtu wa kukukatiza na kukuuliza. Kusoma kimya hakutoshi.

Pili ni kitabu cha saa zako. Kila saa iliyoandikwa iwe saa uliyoruka. Tunajua kuna wanaoshauri, "Ongeza kidogo, nani atajua?" Watajua. Baada ya maswali utaingizwa kwenye simulateri, ile mashine inayoiga ndege, na mtu mwenye uzoefu ataona mapema kama mikono yako inalingana na kitabu chako. Zaidi ya hapo, saa za uongo zinaua. Goma tumezika watu. Tarehe 15 Aprili 2008 ndege ilishindwa kuondoka ikaingia nyumba za Birere. Tarehe 24 Novemba 2019 nyingine iliyokuwa inaenda Beni iliangukia makazi ya watu muda mfupi tu baada ya kuruka. Hatusemi kwamba sababu ilikuwa vitabu vya uongo. Tunasema kwamba mtoto wa mji huu hana ruhusa ya kuchezea karatasi za ndege.

Tatu ni swali ambalo vijana wetu wengi huanguka nalo: "Tuelezee siku ulipomkatalia mkubwa wako." Kwetu tumelelewa kwamba mkubwa hakatazwi. Akisema, unaitika. Ndani ya ndege, adabu ya namna hiyo inaweza kumaliza watu wote. Tarehe 27 Machi 1977, huko Tenerife, ndege mbili kubwa ziligongana juu ya njia ya kurukia na watu 583 wakafa. Komanda wa moja ya ndege hizo alianza kuondoka bila ruhusa. Mwenzake ndani ya chumba cha mapiloti aliuliza kama ile ndege nyingine ilikuwa bado njiani, akajibiwa kwa mkato, akanyamaza. Ajali hiyo ni moja ya zile zilizofanya dunia nzima ianze kufundisha mapiloti namna ya kusikilizana, na namna kopiloti anavyopaswa kusema tena, kwa nguvu zaidi, mpaka asikiwe.

Hapa kijana wa harakati ya wanainchi yuko na faida. Sisi tumejifunza kusema hapana bila matusi na bila jiwe mkononi. Tumesimama mbele ya wakubwa tukasema, "Mzee, tunakuheshimu, lakini hapa si sawa, na sababu ni hii." Mfano kama huo, ukiwa wa kweli na mfupi, ni jibu. Eleza ulichoona, ulichosema, na kilichofuata. Usijifanye shujaa.

Nne, usiende kuuza huruma. Watakuuliza, "Kwa nini unataka kuja kwetu?" Ukijibu "juu ya vita", umesema kweli, lakini hujajibu. Jua ndege zao, njia zao, na kwa nini ratiba ile inakufaa. Kama wakikuuliza wataaminije piloti kutoka inchi ambayo makampuni yake yako kwenye orodha ya Ulaya, usikasirike na usiitukane inchi yako ili wakupende. Jibu kwa utulivu: orodha ile inataja makampuni na usimamizi wake, haikutaja mtu, leseni yangu ni hii, mitihani yangu ni hii, nipimeni.

Tano, tumia unayoyajua toka nyumbani. Uwanja wa Goma uko juu ya mita 1,500. Hewa ya juu ni nyepesi, kwa hiyo ndege inahitaji njia ndefu zaidi ili iruke, na jua kali linazidisha shida hiyo. Mwaka 2002 lava ya Nyiragongo ilifunika sehemu ya njia ile, na kwa miaka mingi mapiloti walitumia njia iliyokatwa. Mtu anayeweza kueleza kwa namba kwa nini uzito uleule unaruka vizuri Mombasa na unakuwa hatari Goma, ameonyesha kwamba anafikiri kama piloti.

Kontra: kalamu ipumzike kwanza

Kupita mahojiano ni furaha. Mama atapiga vigelegele, na grupu litajaa pongezi. Siku ileile mtu wa ofisi atatuma karatasi na kusema, "Saini leo, nafasi zinakwisha." Usisaini leo. Kaa na mtu mwingine, msome mstari kwa mstari, na mtafute majibu ya maswali haya:

1. Mwajiri wako ni nani? Ni kampuni yenye ndege, au ni ofisi ya katikati inayokukodisha? Kama ni ya katikati, shida ikitokea utamdai nani, na kwa sheria ya inchi gani?

2. Mshahara ni wa mwezi, au ni wa saa ulizoruka? Kama ni wa saa, kuna kiwango cha chini unachopata hata mwezi wenye safari chache? Bila kiwango hicho, mwezi mbaya mmoja unaweza kula akiba yote.

3. Mafunzo ya aina ya ndege yao yanalipwa na nani? Makampuni mengi hulipa, kisha yanakufunga kwa deni la miaka kadhaa. Uliza deni linapungua vipi kila mwezi, na uliza swali ambalo watu husahau: wao wakinifukuza, bado nitadaiwa?

4. Wanakuomba feza wewe? Kuna watu wanaotoza vijana ili "wapate saa". Kuna pia wezi wa kawaida wanaotuma barua yenye nembo nzuri na kuomba dola 300 za "dosie ya mahojiano". Kampuni ya kweli haikuuzii mahojiano. Ukiombwa franga kwa ajili hiyo, funga simu.

5. Ukiugua itakuwaje? Piloti hupimwa afya mara kwa mara, na macho au moyo vikikataa, leseni inalala. Kuna bima ya kupoteza leseni. Iko ndani ya kontra au haiko?

6. Kazi ikiisha, viza inaisha lini? Mwaka 2020, korona iliposimamisha safari, makampuni makubwa ya Ghuba yaliachisha mamia ya mapiloti. Kwa mgeni, kupoteza kazi kule ni kupoteza pia haki ya kukaa. Weka akiba ya kurudi kabla ya kununua gari.

7. Likizo ni siku ngapi, na tiketi yake inakufikisha wapi? Kama Goma imefungwa, utashukia Kigali au Entebbe, na sehemu iliyobaki utajilipia. Ihesabu.

8. Utabeba nini, na kwenda wapi? Hili tunaliweka la mwisho juu ya uzito wake. Ndege za mizigo zinapeleka dawa, zinapeleka pia vita. Sisi tulioona magunia yakipanda ndege na bunduki zikilinda njia hatuna kisingizio cha kutojua. Kama kontra haisemi wazi ni mizigo gani na inchi zipi, au kama wanataka uzime mtambo unaoonyesha ndege iko wapi, kataa hata kama mshahara ni mara mbili.

Baada ya hapo chukua karatasi na kalamu. Andika mshahara. Toa nyumba, chakula, deni la masomo, minervali ya wadogo zako, na kile utakachotuma kila mwezi. Kinachobaki njo bei halisi ya miaka mitatu mbali na mama. Kwa wengine ni bei nzuri. Kwa wengine kazi ya Addis, Nairobi au Entebbe yenye mshahara mdogo, lakini iliyo karibu na nyumbani na yenye kontra ya kudumu, ni afadhali. Hakuna mtu wa grupu anayeweza kukufanyia hesabu hiyo.

Na sisi tunaobaki?

Uchungu wa aliyeandika "msaliti" si wa bure. Kila anayeondoka anatuachia pengo. Kijiji kinachangia, kijana anasoma, na matunda yanaliwa kwingine. Tunachokataa ni kumlipisha kijana mmoja bili ya inchi nzima. Mtu anayetaka kudai arudi, aje tudai pamoja mahali pa kurudia.

Anayeenda naye asisahau. Hatumuombi aturushie dola kila mwezi. Tunamuomba mambo mawili: awaeleze wadogo zake njia aliyopita, na makosa ya njia hiyo, bila kuficha, na asiende kupiga picha Dubai na kuwaambia vijana wa Nyabiondo kwamba wao ni wavivu.

Kwa wenye mamlaka, hatuombi huruma, tunadai haya:

Uwanja wa Goma ufunguliwe kwa raia, kwa wagonjwa na kwa misaada, na pande zote zinazoshika bunduki ziache kuutumia kama mateka. Mgonjwa wa Masisi haulizi bendera ya uwanja kabla ya kuhitaji daktari.

Air Congo, iliyoanza kuruka Desemba 2024 na ambamo serkali ina 51% na Ethiopian Airlines 49%, itangaze hadharani ni vijana wangapi wa Kongo inaowafundisha upiloti na ufundi wa ndege, wanachaguliwaje, na kutoka majimbo gani. Mtihani ufanyike pia mashariki. Orodha ya watoto wa wakubwa haitoshi.

Sheria ya migodi iliyobadilishwa mwaka 2018 inazipa sekta na sheferi 15% ya malipo ya madini. Bisie iko Walikale, na bati inatoka kule kila siku kazi inapoendelea. Viongozi wa eneo watuonyeshe vitabu, na sehemu ya feza hiyo iwe basi ya masomo ya kazi za anga: mapiloti, mafundi, waongozaji wa ndege. Jiwe lililoondoka kwa ndege lirudi kama shule.

Mamlaka ya usafiri wa anga, AAC, ieleze wanainchi kwa lugha wanayoelewa ni kazi gani imebaki ili makampuni yetu yatoke kwenye orodha ya Ulaya. Karibu miaka ishirini ni mingi mno kwa "tunaendelea vizuri".

Kwa mwenzetu mwenye mahojiano: lala mapema, vaa safi, peleka karatasi zako zote za asili, na jibu polepole. Wakikukataa, rudi kwenye grupu tutafute pengine. Wakikukubali, tuletee ile kontra kabla ya kuweka jina lako. Tumeshapata mwenzetu mmoja anayesoma sheria na mwingine anayejua Kingereza vizuri. Wanaomwita msaliti nao wanakaribishwa kuja kuisoma pamoja nasi.

Vijana wa Masisi na Walikale